Sinema Iliyomgeuza Nzisa Adui

Ndinda alizijua sinema kwa masikio. Kibanda chake cha mboga pale sokoni Kalamba kiliegemea ukuta wa mabati wa chumba cha video cha Mutisya. Kila Jumamosi, akipanga nyanya na kufunga sukuma wiki, alisikia risasi, farasi na magari yanayoanguka bondeni, na juu ya hayo yote sauti ya binti yake Mwongeli. Mle ndani hakuwahi kuingia. Alisema joto la mabati litamuua kabla risasi hazijamfikia. Lakini alijua nani amekufa na nani ameoa, na wateja waliokuja kununua dania walimuuliza habari za shujaa, "Mama Mwongeli, staring amefika wapi?" naye akawaambia.

Kazi ya Mwongeli ilikuwa hivi. Sinema zikija zimesemwa Kihindi, Kichina au Kiingereza cha puani, yeye anakaa kando ya televisheni, anashika maiki, anazisema upya kwa Kiswahili kilichopakwa Kikamba. Si kwamba alitafsiri, maana hata yeye Kichina hakijui. Aliangalia uso wa mtu akajua huyu anataka kusema nini. Na kila aliyetokea kwenye sinema alimpa jina la hapa nyumbani. Mfalme wa Uchina akawa chifu mstaafu. Jambazi mwenye jicho moja akawa kinyozi wa karibu na kinu cha kusaga, na kinyozi mwenyewe alikaa mstari wa mbele akicheka huku ameshika mbavu. Watu walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Kuitwa na Mwongeli ilikuwa kama kusalimiwa redioni. Kuna mama mmoja alinuna wiki nzima kwa sababu jirani yake alifanywa malkia na yeye bado.

Ndinda alijivuna kimya kimya, na kimya kimya akaogopa. Ndivyo alivyoumbwa. Mtoto akikohoa, yeye ameshaona jeneza. Shule aliiachia darasa la saba, na Mwongeli alipomaliza kidato cha nne bila alama za kwenda mbele, mama ndiye aliyelia zaidi, tena kwa kujificha. Basi sauti hii ilipotokea ikapendwa, alimshukuru Mungu. Lakini moyoni alisema: kitu kinachopendwa na wengi, kuna mmoja atakuja kukitafuta.

Huyo mmoja alikuja, jina lake Mwangangi. Alikuwa mtu wa mchanga. Malori yake yalizoa mchanga kwenye mito ya upande wa Kitui yakaupeleka Nairobi kwenye magorofa, na siku hizi alikuwa ameanza kutamani pia kiti cha MCA, mjumbe wa bunge la kaunti. Alikuwa ameutazama mto wa akina Ndinda akauona umenona.

Sasa huo si mto wa kuonekana. Mvua ikikatika, maji ya juu yanakwisha, unabaki mchanga mweupe unaochoma nyayo. Mgeni akipita atasema hapa hakuna kitu. Lakini akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana na kujengeana, walijenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto. Ukuta ukashika mchanga, na mchanga ukashika maji. Kiangazi kikikaza unachimba kisima kifupi kwa mikono, unangoja, maji yanakuja safi kama yaliyochujwa kwa kitambaa. Ukiuondoa mchanga umeondoa mtungi na maji yake. Aliyewaongoza katika kazi hiyo alikuwa Nzisa, mjane mzee, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Kwenye kila mkutano wa chifu alisema neno moja tu, bila kupandisha sauti: "Mchanga hauondoki." Mwangangi akigawa soda, Nzisa anakunywa soda, anafuta midomo, anasema, "Mchanga hauondoki."

Mwangangi hakugombana naye. Alileta sinema.

Aliileta kwa lori lenye skrini ubavuni, kubwa kama ukuta wa kanisa, ya kuonekana hata jua likiwaka. Kabla ya siku yenyewe alimfuata Mwongeli nyumbani, akakalia kigoda bila kukaribishwa, akala muthokoi, na sahani ya pili akajiongezea mwenyewe.

"Dada," alimwambia, "sauti kama hii inaozea kwenye mabati ya Mutisya. Nina rafiki ana kituo cha redio, na nikimwambia kitu husikia. Nifanyie hii moja tu, watu wafurahi. Hakuna kiingilio."

"Ni sinema gani?"

"Ya kijana anayeleta maendeleo kwao. Kuna kamama fulani kakorofi hapo ndani. Kape jina la hapa, si ndiyo kawaida yako? Kaite Nzisa. Yule ni mtu wa mizaha, atafurahi."

Ndinda alikuwa jikoni akikoleza moto. Neno redio lilimfikia. Yale ya jina yalimpita.

Jumamosi hiyo soko lilifurika. Lori lilikuwa limekipa mgongo kibanda cha Ndinda, kwa hiyo hata ile sinema aliisikia tu. Alimsikia kijana akifika na mashine zake. Alimsikia kamama, ambaye Mwongeli alimpa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, akisema hapana kwa kila kitu, hapana kwa barabara, hapana kwa daraja, hapana kwa mabati ya shule. Kila Mwongeli alipotaja Nzisa, watu walianguka kicheko. Nzisa mwenyewe alikuwa amekuja na kigoda chake, amekaa mbele kabisa, na kicheko chake kilisikika juu ya vingine. Mwisho kijana akashinda, kamama kakafukuzwa kijijini, daraja likafunguliwa, soko zima likapiga makofi. Ndinda aliuza nyanya zote. Alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani.

Yaliyofuata hayakuanza kama maneno. Yalianza kama nafasi. Nzisa akifika kisimani, wasichana wanainua mitungi yao ambayo bado haijajaa na kukumbuka kazi nyumbani. Jumapili kanisani, benchi alilokalia lilibaki na nafasi kubwa upande huu na upande ule, na wengine wamesimama mlangoni.

Ndunge, jirani wa Ndinda, alikuja kununua vitunguu akaegemea meza.

"Lakini Mama Mwongeli, wewe hukuiona ile sinema. Kale kamama kalikuwa kanachovya kitu kwenye maji. Gizani. Halafu watoto wanaanza kuumwa."

"Ni sinema, Ndunge."

"Najua ni sinema, mimi si mtoto. Nasema tu. Lakini na Nzisa naye, mbona hukaa pale kisimani peke yake asubuhi na mapema?"

"Anakifunika, ng'ombe wasiingie. Amekifunika tangu wewe ukiwa msichana."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Jumatatu watu walikuta mlango wa Nzisa umeandikwa kwa makaa neno moja, mchawi. Nzisa alilifuta kwa kitambaa chenye maji, akachukua jembe, akaenda shambani.

Ndinda aliposikia alikaa juu ya gunia la kabeji. Alikozaliwa, upande wa Kitui, ng'ambo ya Ikutha, alikuwa na mama mdogo aliyeanza kuitwa hivyo kwa kicheko. Kwanza watoto kwenye mchezo. Kisha wakubwa, wakiwaiga watoto. Kisha siku moja nyumba yake ikawaka mchana kweupe, na majirani wote, kwa bahati hiyo, wakawa wameenda mbali kutafuta kuni. Hakufa siku hiyo. Alifia Kibwezi miaka ya baadaye, kwenye chumba cha kupanga cha mwanawe, akiwa hataki hata kutoka kuota jua.

Alifunga kibanda jua likiwa juu.

Nyumbani alimkuta Mwongeli kwenye mkeka, simu ameiegemeza kwenye kikombe, anaiangalia sinema ileile. Mwangangi alitaka irudiwe Alhamisi, siku ya baraza la chifu. Watu wataona kwanza sinema, kisha watainua mikono kuhusu mto. Ndinda alichukua ungo wa mbaazi, akakaa karibu naye, akaanza kubambua.

"Sogea nione."

"Leo mwaitu anaangalia sinema," Mwongeli alicheka, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Nikukaangie njugu?"

"Sauti iko wapi?"

"Huwa naizima nikijitayarisha. Ikisema, inanichanganya. Nataka nione midomo tu."

Kwenye kile kioo kidogo kijana alishuka kwenye gari. Akanyoosha kidole. Watu wote wakatazama alikonyoosha.

"Huyu ndiye staring," Mwongeli alisema.

"Unajuaje?"

"Mwaitu, angalia shati."

Ndinda aliliangalia shati. Lilikuwa jeupe, katika kijiji cha vumbi jekundu, na kijana akipanda jeupe, akishuka jeupe. "Nani anamfulia?"

"Anamfulia nini?"

"Hilo shati. Tangu afike sijaona beseni. Wala sijaona anayempikia. Yeye anakula tu na kunyoosha kidole."

"Sasa wakionyesha watu wakifua nguo, sinema itaisha saa ngapi?"

"Ndiyo nasema. Wamechagua cha kuonyesha."

Mwongeli alimtupia jicho mama yake, akarudisha macho kwenye simu. Kamama kalikuwa kametokea. Kalipiga magoti kwenye ukingo wa maji, kakaingiza kibuyu, kakamimina kwenye chungu, kakainama tena. Kisha kakafunika maji kwa matawi. Kisha kakasimama mbele ya mashine ya kuchimba, mikono imetanuliwa kama mtu anayezuia mbuzi.

"Na huyu ndiye adui," Ndinda alisema.

"Ndiye."

"Amefanya nini?"

"Anazuia maendeleo."

"Hayo ni maneno yako, mama yangu. Nionyeshe kwa kidole. Amefanya nini?"

Mwongeli aliirudisha picha nyuma. "Hapa. Anatia kitu kwenye maji."

"Ni kibuyu. Anateka."

"Ni giza lakini."

"Sisi hatuteki gizani? Wewe mwenyewe nilikuzaa siku nimetoka kuteka kabla jogoo hawajawika."

"Ni muziki, mwaitu. Hapo kuna muziki wa kuonyesha ni sumu."

"Washa."

Aliwasha. Ngoma nzito ikaanza chini kwa chini, na kitu kikalia kama paka ndani ya shimo. Malaika yalimsimama Ndinda mikononi. Kwa huo muda mfupi yeye mwenyewe aliamini, na akamwogopa yule mama. "Zima," alisema. Mwongeli akazima. Mama akawa anateka maji.

Waliwasha tena, wakazima tena. Kila mara ilikuwa hivyo. Mbaazi zilibaki kwenye ungo, nusu zimebambuliwa.

"Halafu watoto wanaumwa," Mwongeli alisema polepole, akiongea na nafsi yake. Alisogeza picha mbele, akairudisha, akaisogeza tena. "Ngoja. Mashine imeingia mtoni kabla. Maji yamekuwa tope hapa, na mtoto anakunywa hapa. Wameleta sura ya huyu mama katikati, ndiyo maana. Mimi nimeisema hii sinema mbele ya soko zima na sikuliona hilo."

Ndinda alimshika kidevu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo akitaka kumpa dawa. Kisha akamwambia habari za mlango.

Mwongeli hakuwa amesikia.

"Nilidhani ni mzaha," alisema. "Watu wote huwa nawaita. Kinyozi nilimwita jambazi."

"Na kesho yake wakampelekea vichwa awanyoe. Kila mtu anajua kinyozi hana bunduki. Lakini mama mzee, mjane, anayekaa peke yake na kusema hapana kwa wanaume, huyo watu walikuwa wameshamtilia shaka kabla hujafungua mdomo. Walikuwa wanangoja tu mtu awaambie si vibaya."

"Mwangangi ndiye alinipa jina."

"Najua. Jina ni lake. Sauti ndiyo yako."

Alisema hivyo kisha akajuta, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kulia bila sauti. Akamvuta akamlaza kichwa kwenye mapaja, akaendelea kubambua mbaazi juu ya kichwa chake, maganda yakimwangukia kwenye nywele. Alitaka kumwambia wafunge mizigo waende mbali, mahali ambapo hakuna mto wala skrini. Badala yake alimtoa ganda sikioni.

Jioni hiyo, jua likiwa bado kwenye vilele, walikwenda kwa Nzisa na mbaazi kwenye bakuli. Walimkuta amekaa mlangoni akichagua mbegu.

"Karibuni, watu wa sinema."

"Susu," Mwongeli alianza, akimwita nyanya, "nimekuja..."

"Najua umekujia nini. Kaa chini kwanza. Siwezi kumsamehe mtu aliyesimama, shingo itaniuma."

Walikaa. Nzisa alipokea bakuli, akaonja mbaazi mbichi moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unajua kilichoniuma?" alisema. "Si mlango. Mlango ni mbao. Ni kwamba hata mimi nilimchukia yule mama. Ulivyokuwa unasema vizuri vile, nikawa najiambia, wacha wampige huyu, anatuchelewesha. Alipofukuzwa nilipiga makofi. Nilifika nyumbani, nimeshavua viatu, ndipo nikakumbuka kwamba anaitwa Nzisa."

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Kisha Nzisa mwenyewe akaanza, na wao wakamfuata, na katikati ya kicheko Mwongeli akawa analia tena.

"Alhamisi sitakwenda," alisema alipotulia. "Nitamwambia nina homa."

"Ataleta mwingine. Lori lake halina homa." Nzisa alirudi kwenye mbegu zake. "Sisi kwenye mwethya yetu, tukichimba, mwenye kuongoza wimbo akimtia mtu ndani yake kwa ubaya, huwa hatumwambii anyamaze. Tunamwambia amtie tena, safari hii kwa haki. Wimbo uleule, mbele ya watu walewale. Jembe haliinuki mpaka amefanya hivyo. Mama yako alishawahi kutiwa, muulize, juu ya uji wake."

"Ulikuwa umeungua kidogo tu," Ndinda alisema.

"Picha siwezi kuzibadilisha, susu," Mwongeli alisema. "Mwishoni wanamfukuza."

"Picha sijakuomba."

Njiani kurudi, Ndinda aliyameza maneno mengi. Aliwawaza vijana wa Mwangangi, wale wa koleo wanaojaza malori, mikono yao minene. Aliiwaza redio, na jinsi mtoto wake alivyokuwa akijaribu salamu za redio mbele ya kioo akidhani hasikiki. Mwisho alisema tu, "Siku hiyo ukiogopa, niangalie mimi."

"Na wewe ukiogopa?"

"Mimi naogopa tangu uzaliwe. Nimezoea."

Alhamisi Ndinda hakufungua kibanda. Alikaa mbele, bega kwa bega na Nzisa, na kwa mara ya kwanza akawa upande wa skrini. Chifu alikuwa chini ya hema na wazee. Mwangangi alizunguka akisalimia watu kwa mikono miwili. Vijana wa koleo walisimama nyuma, wamekunja mikono.

Sinema ilianza, na Mwongeli akaanza kama kawaida yake, sauti imechangamka. "Kijana huyo ameshuka. Tazameni shati, jeupe kama maziwa. Aliyelifua hatumjui, hajaonyeshwa, lakini tumpigie makofi huko aliko." Akina mama walicheka, wakapiga. "Kijana ananyoosha kidole. Tangu asubuhi kidole hicho hakijashika kitu." Wakacheka zaidi. Hata Mwangangi alicheka.

Kisha kamama kakatokea na ile ngoma nzito ikaanza chini kwa chini. Mwongeli alinyoosha mkono kwenye kitufe karibu naye, akaizima sauti ya sinema, akabaki na maiki. Alimtafuta mama yake kwa macho. Ndinda alikuwa anamwangalia.

"Huyu anaitwa Nzisa," Mwongeli alisema, na sauti haikuwa ya mlango mkavu. Ilikuwa sauti yake ya nyumbani. "Ameamka mapema. Amepiga magoti. Anateka maji. Sasa anayafunika, ng'ombe wasiyakanyage." Aliyasema yaliyofanywa na mikono tu, hakuongeza kitu. "Sasa mashine imeingia mtoni. Tazameni rangi ya maji. Mtoto amekuja na kikombe. Anakunywa. Sasa mtoto anaumwa."

"Si huyo mama ndiye alitia sumu?" mtu aliuliza kutoka katikati.

"Nilisema hivyo Jumamosi," Mwongeli alijibu. "Nilisema kwa sababu muziki ulilia. Mlimwona akitia nini?"

Watu walianza kunong'ona. Wengine walisema waliona, wengine wakasema mlisikia tu. Mwangangi alimpa ishara kijana wake wa mitambo, naye akang'oa waya wa maiki. Lakini maiki na spika zilikuwa za mashine moja, na alipong'oa moja zote zikafa. Picha ikaendelea kwenda kubwa namna ile, bila sauti yoyote. Unasikia mpaka mbuzi wa sokoni.

Mwongeli alisimama juu ya kiti akaendelea kwa mdomo mtupu. Haikufika mbali. Waliokaa mbele ndio waliomsikia, nao wakawaambia waliokaa nyuma yao, "Anasema huyo mama amelala njaa," na wale wakawaambia wengine, na maneno yakaenda yakipokezanwa mpaka kwa vijana wa koleo. Mmoja wao, Ndinda alimwona, alimwambia mwenzake kitu kisha akakunjua mikono.

Ikafika mwisho. Kamama kakatoka kijijini na kifurushi kichwani, watu wakicheza ngoma juu ya daraja. Mwongeli alifungua mdomo, akaufunga. Hapo hakuwa na la kusema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wa nyuma wakaulizana, "Anasemaje? Anasemaje sasa?"

Nzisa aliinuka kwenye kigoda chake. Aliitazama skrini kutoka chini mpaka juu.

"Huyo ameenda," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Mimi siendi. Nimeacha maharagwe motoni."

Mtu mmoja akacheka, kisha kumi, kisha soko, na kicheko hicho hakikuwa kile cha Jumamosi. Kile kilikuwa cha kumsukuma mtu. Hiki kilimzunguka Nzisa kama blanketi. Ndunge aliinuka alipokuwa, akabeba kigoda chake kwa mkono mmoja, akaja akakiweka pale penye nafasi kando ya Nzisa, akakaa bila kumwangalia usoni. Baadaye kidogo alimuuliza, "Maharagwe gani, yale mekundu?" na Nzisa akamjibu kwamba ni yale mekundu.

Chifu alisema mikono haitainuliwa leo, watu wameona mambo mengi. Mwangangi hakupiga kelele. Alimpitia Mwongeli karibu, akamwambia, "Ile redio usahau," kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kofia yako. Mwongeli aliitikia kwa kichwa. Ndinda alimshika mikono yote miwili, akaitia ndani ya leso yake kama inavyofichwa mikono ya mtoto kwenye baridi, wakasimama hivyo mpaka lori likaondoka.

Liliondoka likielekea upande wa Kitui.

Jumamosi iliyofuata, jua likianza kupoa, Ndinda alimpigia simu dada yake Ikutha. Siku zote mbili zile alikuwa amekosa usingizi, akiambiwa na mtoto wake kwamba sasa mambo yamekwisha, na yeye akijibu ndiyo, yamekwisha.

"Kuna lori la sinema linakuja huko kwenu," alisema.

"Limeshafika," dada yake alisema. "Niko hapa uwanjani. Watoto wametandika magunia tangu mchana."

"Nani anasema?"

"Kijana fulani, sijui wa wapi. Ana sauti tamu huyo, utafikiri amelambishwa asali."

"Na huko kwenu, nani anakataa mchanga?"

"Si unajua ni mama yetu. Tangu lini mama akakubali kitu. Yuko hapa mbele, amekuja na kigoda."

Ndinda aliinuka, simu mkononi. Kupitia simu alisikia watu wakicheka kwa mbali, wengi, wote kwa pamoja.

Mwongeli alikuwa anaosha sufuria. Sauti ya simu ya mama yake ilikuwa kubwa, naye aliyasikia yote, alikuwa amekwisha kuinua kichwa. Alifuta mikono kwenye sketi, akaichukua simu taratibu kutoka kwa mama yake, na kwa mkono wa pili akamshika bega.

"Mama mdogo," alisema, "mpelekee simu huyo kijana wa maiki. Mwambie ni mwenzake wa Kalamba. Hapana, usingoje imalizike. Nenda sasa."

Akasikia viatu vya mama mdogo wake vikikimbia kwenye vumbi, na kile kicheko kikizidi kuwa karibu. Akakohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kuanza, akangoja.